Bahari Yetu na Baridi ya Wengine

Mwezi wa Agosti mwaka 1879 Mbelgiji mmoja, Ernest Cambier, aliwasili Karema, mwambao wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, akiwa ametumwa na chama alichokiasisi Mfalme Leopold II. Alichagua mahali karibu na maji akaanza kujenga kituo chenye boma, kama afanyavyo mgeni asiyeijua nchi lakini anajua kwamba penye maji ndipo penye njia. Haikupita miaka mingi ziwa likaanza kulikimbia boma lile. Mapadri wa Shirika la Wamisionari wa Afrika walipokabidhiwa kituo mwaka 1885, ufuko ulikuwa umekwisha kujitenga na kuta zake, na palipokuwa na mawimbi palikuwa na majani. Kufikia miaka ya 1890 ziwa zima, lenye urefu wa kilomita zaidi ya 650, lilikuwa limeshuka mita 10 hivi.

Karema leo imo katika Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi, na katika wilaya hiyo hiyo imo kata ya Kasekese, ambayo jina lake halijapata kutajwa sana na wanaoandika habari za bahari. Na kwa nini litajwe? Kasekese iko bara kabisa. Kutoka huko hadi Bahari ya Hindi, mtu akipiga mstari ulionyooka, ni kilomita 900 hivi. Watu wake, kama walivyo wengi wa Katavi, hutazama mvua moja tu kwa mwaka, ile ianzayo Novemba na kukatika Aprili, na mahindi na mpunga wao husimama au huanguka kwa mvua hiyo. Hawana vuli na masika mbalimbali kama sisi watu wa visiwani. Walakini mvua yao, na maji ya Karema yaliyokimbia, na theluji inayoanguka au kukataa kuanguka katika miji ya Ulaya na Marekani, zina nasaba moja, na mizizi ya nasaba hiyo imo katika joto la bahari za tropiki. Nasaba hii iligunduliwa kwa vipande vipande, katika muda wa zaidi ya karne moja, na kipande kimojawapo kilicho kikubwa kiliokotwa hapa hapa Afrika Mashariki, kisha kikasahauliwa ni cha wapi.

Ni vyema kuanza na hayo maji. Msafiri Mwingereza Verney Lovett Cameron alipofika upande wa magharibi wa ziwa mwaka 1874, aliuona mdomo wa mto Lukuga umezibwa na matete na mafunjo yaliyoshonana. Henry Morton Stanley alipita mwaka 1876 akaona dalili kuwa maji yanapanda, akatabiri kwamba siku haiko mbali yatakapoivunja ile kizibo. Ndivyo ilivyokuwa. Mvua za mwaka 1877 na 1878 zililijaza ziwa hadi likafurika, kizibo kikasukumwa, na Edward Hore, nahodha aliyekuwa na wamisionari wa London, akaja kushuhudia Lukuga ikienda mbio kuelekea Kongo. Cambier, kwa hiyo, alijenga pembeni mwa beseni ambalo tundu lake lilikuwa limekwisha zibuka. Hakuna aliyemwambia, na pengine kama angeambiwa asingesadiki.

Lakini mvua zile zilitoka wapi? Wanasayansi wa zama hizi, waliokusanya kumbukumbu za merikebu, za vipimo vya mvua na za marijani ambazo huandika joto la bahari katika mifupa yao, wameonyesha kwamba mwaka 1877 bahari za tropiki zilipata joto lisilo la kawaida. Pasifiki ilikuwa katika hali ile ambayo wavuvi wa Peru waliiita El Niño, na Bahari ya Hindi nayo ilipata joto kali upande wetu wa magharibi, ilhali upande wa Sumatra ulipoa. Mawingu yaliyostahili kwenda India na visiwa vya mashariki yakajikusanya kwingine. India ikapata ukame, China ya kaskazini vile vile, na jimbo la Ceará nchini Brazil likakauka hadi watu wakalihama kwa makundi. Waliokufa kwa njaa katika nchi hizo tatu wanahesabiwa kwa mamilioni. Na katika majira hayo hayo, wakulima wa Minnesota, nchi ya Marekani ambako maziwa huganda mpaka watu wakapitisha magari ya farasi juu yake, waliona ajabu ya namna nyingine: baridi haikuja. Huo mwaka wa 1877 kuingia 1878 wenyeji wa kule wameuhifadhi kwa jina la mwaka usio na majira ya baridi.

Karema na Minnesota, basi, zilikuwa zikisoma barua moja iliyoandikwa na bahari, kila mmoja akidhani ni yake peke yake.

Mtu wa pwani hawezi kustaajabu sana kwamba baridi ya mbali ina uhusiano na maisha yake. Kaskazi yenyewe ni nini? Ni pumzi ya majira ya baridi ya Asia. Bara lile likipoa, hewa yake huwa nzito, nayo hushuka na kusukumwa kuja kusini juu ya bahari, na ndiyo iliyoyaleta majahazi kutoka Ghuba na Bara Hindi tangu hapajakuwa na kitabu cha kuyataja. Kusi ni marejeo yake, Asia ikipata joto. Manahodha walizihesabu siku kwa miongo kuanzia Nairuzi, wakijua ni muongo gani wa kung'oa nanga na ni upi wa kuvuta chombo pwani, na Ahmad ibn Majid wa Julfar, katika karne ya 15, aliiweka elimu hiyo ya njia na nyota na pepo katika mashairi ili isipotee vichwani. Edmond Halley alipochapisha ramani ya pepo hizi huko London mwaka 1686, alikuwa anaandika kwa Kiingereza jambo ambalo mabaharia wa Bahari ya Hindi walikuwa wakilitumia kula na kuoa. Kwamba baridi ya kwao hutufikia sisi, hilo lilijulikana. Lililokuwa halijulikani ni upande wa pili wa mizani: kwamba joto la maji yetu huwafikia wao, tena kwa njia isiyopita juu ya bahari wala juu ya nchi, bali juu ya mawingu.

Njia hiyo ya juu ilianza kuonekana kwa msiba. Tarehe 27 Agosti 1883 mlima Krakatoa, kati ya Java na Sumatra, ulilipuka kwa kishindo kilichosikika hata kisiwa cha Rodrigues, upande wetu wa Bahari ya Hindi, kiasi cha kilomita 4,800, ambako mkuu wa polisi alidhani ni mizinga ya meli iliyo taabani. Vumbi lake lilirushwa juu mno likashikwa na upepo, nalo likaizunguka dunia kwa muda wa wiki mbili hivi likifuata ikweta, likitoka mashariki kwenda magharibi. Sereno Bishop, mchungaji aliyekaa Honolulu, aliifuatilia safari ya moshi huo kwa kukusanya habari za machweo mekundu kutoka bandari mbalimbali. Wataalamu wakakata shauri: huko juu kabisa, juu ya ikweta, upepo hutoka mashariki. Wakaupa jina la Krakatoa, na mjadala ukafungwa.

Ukafunguliwa tena juu ya Ziwa Nyanza, yaani Viktoria, mwaka 1908. Arthur Berson, aliyefika kwa kazi hiyo, hakuwa mtu wa maktaba tu. Alizaliwa mwaka 1859 katika Galicia ya utawala wa Austria, na tarehe 31 Julai 1901 yeye na mwenzake Reinhard Süring walipanda katika kapu la puto hadi mita 10,800, wakazimia wote wawili kwa kukosa hewa, wakashuka wazima kwa bahati. Mwaka uliofuata, 1902, Mfaransa Léon Teisserenc de Bort na Mjerumani Richard Assmann, kila mmoja kwa maputo yasiyo na mtu, walitangaza jambo ambalo wengi hawakutaka kuliamini: hewa, ambayo hupoa kadiri mtu apandavyo, hufika mahali ikakoma kupoa. Juu ya Ulaya mahali hapo ni kiasi cha kilomita 11. Pana dari, na juu ya dari pana ghorofa nyingine, ambayo ilikuja kuitwa stratosfia. Swali likawa: je, dari hiyo ipo hata juu ya nchi za joto? Assmann, mkuu wa kituo cha elimu ya anga cha Lindenberg, akamtuma Berson pamoja na Hermann Elias kwenda kuuliza katika koloni lao la Afrika Mashariki.

Nchi waliyoifikia ilikuwa imetoka katika vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, na makaburi ya kusini hayajaota nyasi. Hilo halimo katika vitabu vya elimu ya anga, wala si ajabu lisiwemo, lakini msomaji wa hapa ana haki ya kulikumbuka. Berson na Elias walirusha tiara na maputo ya mpira wakiwa chomboni ziwani, puto likipanda na kutanuka mpaka lipasuke, na kifaa kidogo kilichokuwa kikiandika joto na kanieneo ya hewa kikirudi chini. Waliyoyapata yalikuwa mawili. La kwanza, dari ipo, lakini juu ya ikweta iko mbali zaidi kuliko juu ya Ulaya, kiasi cha kilomita 17, na kwa kuwa hewa huendelea kupoa muda wote huo, hapo darini kuna baridi inayoshinda ile iliyopimwa katika anga ya nchi za theluji. Mtu anayetokwa jasho Mwanza ana juu ya kichwa chake mojawapo ya hewa baridi kabisa duniani. La pili, juu ya kilomita 15 walikuta upepo uliotoka magharibi, kinyume cha moshi wa Krakatoa.

Lile la kwanza lina maelezo mazuri, nayo ndiyo ufunguo wa habari yote. Kinachoiinua dari ya tropiki ni mawingu ya radi, na kinachoyalisha mawingu ni mvuke wa maji ya vuguvugu. Mvuke ukipanda na kugeuka mvua, huliachilia lile joto lililokuwa limefichika ndani yake, na joto hilo huisukuma hewa juu kama mkate unavyoumuka. Bahari ikipata joto zaidi, mawingu huwa makubwa zaidi, na msukumo wake hautulii pale pale. Huenea. Carl-Gustaf Rossby, mtaalamu wa Kiswidi aliyefanya kazi Marekani, alionyesha mwaka 1939 kwamba anga la dunia inayozunguka lina mawimbi mapana mno, yenye urefu wa maelfu ya kilomita. Mvua kubwa ya tropiki ni jiwe lililotupwa katika anga hilo, na mawimbi yake huweza kufika Pasifiki ya kaskazini, Atlantiki na zaidi.

Lile la pili liliwatesa wataalamu kwa nusu karne. Haikuwezekana kumkanusha Berson, wala haikuwezekana kuukanusha moshi uliotazamwa na dunia nzima. Vitabu vikaamua kuvipatanisha kama kadhi mchovu apatanishavyo majirani: vikachora utepe mwembamba wa upepo wa Berson ukienda upande huu, na juu yake upepo wa Krakatoa ukienda upande ule, kila mmoja na mpaka wake. Ilikuwa suluhu ya kalamu. Mwaka 1960 Richard Reed wa Marekani na R. A. Ebdon wa Uingereza, bila kuafikiana, walitazama vipimo vya maputo vilivyokusanywa kwa miaka mfululizo katika vituo vya ikweta, wakakuta kwamba pepo zote mbili ni kweli, ila hupokezana zamu. Upepo wa magharibi hutawala kwa mwaka mmoja na kitu, kisha wa mashariki huanzia juu na kushuka pole pole mpaka umwondoe mwenzake, na mzunguko mzima huchukua miezi 28 hivi. Krakatoa ililipuka katika zamu ya mashariki. Berson alifika Nyanza katika zamu ya magharibi.

Kwa watu wanaoishi kwa zamu ya kaskazi na kusi, jambo hili lilistahili kupokelewa kama habari ya ndugu aliyepotea: juu ya kaskazi na kusi zetu za kila mwaka, kilomita 20 na zaidi angani, kuna kaskazi na kusi nyingine zisizofuata jua wala Nairuzi. Walakini habari yenyewe haikutolewa kwa lugha yetu, na hata leo shule zetu hufundisha pepo za msimu bila kuutaja upepo huo wa juu. Ni hasara ya bure, maana hakuna mtoto wa Unguja au Pemba ambaye hangeielewa.

Kwa nini upepo ubadili njia kwa saa isiyo ya jua? Richard Lindzen na James Holton walitoa jibu mwaka 1968: mawimbi yanayopanda kutoka katika mawingu ya tropiki hubeba msukumo, nao huutua huko juu, mara upande huu mara upande ule. Mwaka 1980 Holton pamoja na Hsiu-Chi Tan waliongeza kiungo kilichokuwa kikingojewa. Wakati upepo wa juu ya ikweta unapotoka mashariki, walisema, majira ya baridi ya Ncha ya Kaskazini huwa na anga dhaifu. Unapotoka magharibi, anga hilo hukaza.

Anga hilo la nchani linahitaji maelezo. Katika miezi ambayo ncha haioni jua, stratosfia ya huko hupoa sana, na kuizunguka baridi hiyo upepo mkali hufanya duara. Mfano wake ni pia la watoto. Likizunguka kwa kasi husimama wima, na baridi yote hukaa ndani yake, nchi za Ulaya zikipata mvua na hewa ya vuguvugu kutoka Atlantiki. Likipigwa kwa chini huyumba, huinama, pengine hupasuka vipande viwili, na baridi iliyokuwa imefungwa humwagika kusini. Richard Scherhag aliliona tukio hilo kwa mara ya kwanza juu ya Berlin mapema mwaka 1952, maputo yake yalipomletea habari kwamba stratosfia, katikati ya majira ya baridi, imepanda joto kwa makumi ya nyuzi ndani ya siku chache. Wengi walidhani vifaa vimeharibika. Na kinacholipiga pia hilo ni yale mawimbi mapana yanayopanda kutoka chini. Jule Charney na Philip Drazin waliweka sharti mwaka 1961: mawimbi hayo huweza kuingia stratosfia pale tu upepo wa huko unapotoka magharibi bila kuzidi kasi, na hali hiyo hupatikana katika majira ya baridi. Ndiyo maana mlango huu wa juu una msimu wake wa kufunguliwa.

Sasa mnyororo unaweza kufuatwa kwa kidole. Mwaka 1969 Jacob Bjerknes alikwisha kuunganisha joto la Pasifiki ya ikweta na tufani za Pasifiki ya kaskazini. Mwaka 2009 Sarah Ineson na Adam Scaife, wa idara ya hali ya hewa ya Uingereza, walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba El Niño hupeleka mawimbi zaidi kaskazini, mawimbi hupanda stratosfia na kulipiga pia, kisha udhaifu wa pia hushuka polepole hadi ardhini, na kuanzia Januari Ulaya ya kaskazini hupata baridi. Majira ya baridi yaliyofuata, ya 2009 kuingia 2010, yakaja kama waliyoagizwa: Pasifiki ilikuwa katika El Niño, upepo wa ikweta ulikuwa katika zamu ya mashariki, na Uingereza ikafunikwa na theluji ambayo haikuwa imeonwa kwa miaka 30. Sayansi haibahatiki mara nyingi kupata shahidi wa haraka namna hiyo.

Bahari ya Hindi ina mwenendo wake, na hapo habari inarudi nyumbani. Mwishoni mwa mwaka 1961 mvua zilipiga Afrika Mashariki kwa namna isiyokumbukwa na wazee. Tanganyika ilipandisha bendera yake tarehe 9 Desemba katika msimu huo wa mafuriko, na Nyanza ikaanza kupanda hadi ikaongezeka zaidi ya mita mbili kufikia 1964. Ziwa Tanganyika nalo lilipanda. Hapakuwa na El Niño mwaka ule, na kwa hiyo mvua zile zilibaki bila mwenyewe hadi mwaka 1999, pale N. H. Saji, Toshio Yamagata na wenzao walipoeleza kwamba Bahari ya Hindi ina mizani yake ya ndani: miaka mingine upande wa Afrika hupata joto na upande wa Sumatra hupoa, na mvua huhamia kwetu. Mwaka 1961 ulikuwa mmojawapo.

Mwaka 2011 Christopher Fletcher na Paul Kushner waliuliza swali lililokuwa limesahauliwa: kama joto la Pasifiki hulidhoofisha pia la nchani, joto la Bahari ya Hindi hulifanyaje? Jibu lao ni kwamba hulikaza. Mawimbi yanayotoka kwetu hufika kaskazini yakiwa kinyume na yale yaliyoko huko tayari, yakayapunguza nguvu, na pia likaachwa lizunguke kwa raha. Bahari mbili za tropiki, kwa hiyo, huvutana kamba juu ya paa la dunia, na huamua, kwa sehemu, nani atetemeke.

Mwaka 2019 bahari yetu ndiyo iliyovuta. Mizani yake iliinama kuliko ilivyoonekana kwa miaka mingi. Mvua za Oktoba hadi Desemba zilifurika kutoka Somalia hadi Tanzania. Pokot Magharibi nchini Kenya milima iliporomoka usiku wa Novemba ikaua watu zaidi ya 40. Burundi nayo ikazika watu wake Desemba. Nchi yenye unyevu ikazaa nzige. Upande wa pili Australia ikaungua. Na Ulaya? Pia la nchani lilikaza mno, na majira ya baridi ya 2019 kuingia 2020 yakawa ya vuguvugu kupita yote yaliyokuwa yamewahi kupimwa huko, zaidi ya nyuzi 3 juu ya wastani wa miaka ya 1981 hadi 2010. Moscow ililazimika kusomba theluji ya kutengenezwa kwa ajili ya sherehe za mwaka mpya. Uingereza ilipata tufani na mafuriko mwezi wa Februari. Steven Hardiman na wenzake wa idara ile ile ya Uingereza waliandika mwaka 2020 kwamba sababu kubwa ilikuwa Bahari ya Hindi, na kwamba kwa kulitazama joto lake mapema, utabiri wao wa majira hayo ulifaulu tangu Novemba.

Neno hili la kufaulu lina uchungu kidogo. Joto la maji yaliyo mbele ya Lamu, Unguja na Mafia lilimsaidia mtu wa London kujua kama atahitaji chumvi ya kumwaga barabarani. Mtu wa Pokot lilimkuta kitandani. Utabiri wa mvua za Afrika Mashariki nao ulikuwepo, na bahari ile ile ilikuwa imekwisha tazamwa, lakini kati ya karatasi ya mtabiri na mlango wa mkulima kuna umbali ambao puto halipimi.

Maziwa yaliendelea kuyahifadhi maji ya mwaka ule kama daftari la deni. Mwezi wa Mei 2020 Nyanza ilifikia kiwango cha rekodi ya 1964. Ziwa Tanganyika, lililo pole katika kila jambo, lilipanda katika miaka iliyofuata, likaingia mitaani Bujumbura, Uvira na Kalemie. Karema, ambako maji yaliwahi kumkimbia Cambier, sasa kuna bandari mpya iliyojengwa mwanzoni mwa miaka ya 2020 kwa ajili ya mizigo ya Kongo, na wahandisi wa ziwa hili hawana budi kukadiria ukingo unaotembea mbele na nyuma. Kasekese haina ukingo wa kukadiria. Ina msimu wake mmoja, ambao mkulima huujua kwa siku ya mvua ya kupandia na kwa siku ambazo mvua hukatika katikati ya Januari mahindi yakiwa yanachanua. Akipoteza mbegu hiyo, hana vuli ya kumfidia.

Kinachobadilika sasa ni misingi yenyewe. Tangu 1950 Bahari ya Hindi imepata joto kwa zaidi ya nyuzi 0.1 katika kila miaka 10, nayo ni miongoni mwa bahari zilizopata joto kwa haraka. Na ile zamu ya pepo za juu, iliyopokezana bila kukosa tangu vipimo vya mfululizo vilipoanza mwaka 1953, ilivunjika Februari 2016: upepo wa mashariki ulichomoza katikati ya upepo wa magharibi, mahali ambapo haukutarajiwa kabisa, kama kusi iliyovuma Januari. Waliolitazama tukio hilo walilieleza kuwa ni la pekee. Miaka minne haijatimia, zamu ikavunjika tena, katika majira yale yale ya 2019 kuingia 2020.

Mabadiliko hayo yalisomwa kwanza katika vipimo vya Singapore, kituo ambacho dunia hukitegemea kwa upepo wa ikweta. Katika Afrika, vituo virushavyo maputo kufika juu kiasi hicho ni vichache mno, na vipindi virefu vya kumbukumbu zake vimejaa mapengo. Nairobi ni mojawapo ya vile vilivyodumu. Tangu katikati ya miaka ya 1990 wataalamu wa Kenya, kwa ushirikiano na wenzao wa Uswisi, wamekuwa wakirusha kwa wiki puto lenye kifaa cha kupima ozoni, joto na upepo. Linapita juu ya mawingu, linavuka dari aliyoikuta Berson, linapasuka karibu kilomita 30 juu, na kifaa chake huanguka popote kitakapoanguka, mashambani au porini.